Jinsi Mgeni Anavyopata Kuwa Raia

Leo twataka kusema habari za uraia, na hasa jinsi mtu aliyezaliwa katika nchi nyingine, au aliyezaliwa hapa na wazazi wageni, awezavyo kuwa raia wa Tanzania kwa sheria. Jambo hili huulizwa sana Ujiji na Kigoma, na katika vijiji vyote vilivyo kando ya Ziwa Tanganyika, toka Kagunga kaskazini mpaka Kalya kusini. Kwingine mtu huweza kuishi miaka sabini asiulizwe hata mara moja kama yu raia ama si raia. Kando ya ziwa huulizwa anapotaka kitambulisho, huulizwa anapotaka pasi ya kusafiria, na pengine huulizwa anaposhuka chomboni tu na kikapu chake cha dagaa. Malalamiko ya jambo hili yamefika hata Bungeni. Basi yafaa kila mtu ajue sheria yasemaje, ili anayestahili asijifiche, na asiyestahili asidanganye, maana wote wawili hujidhuru nafsi zao.

Kwanza tuyaeleze maneno. Raia ni neno la Kiarabu, na asili yake ni kundi lichungwalo. Hapo kale lilitumiwa kwa watu wote walio chini ya sultani, wapende wasipende. Siku hizi twalitumia kwa maana nyingine, yaani mtu mwenye haki katika nchi yake na mwenye wajibu kwake. Na kule mgeni kupewa uraia huitwa tajnisi, ambalo nalo ni la Kiarabu, asili yake jinsi, kana kwamba mtu amefanywa kuwa wa jinsi moja na wenyeji. Wengi hulisikia neno hili mara ya kwanza mbele ya meza ya karani, wakadhani ni jina la kodi mpya. Si kodi. Ni mlango, nao una kizingiti kirefu kidogo, kama tutakavyoona.

Tuanze na Ujiji wenyewe, kwa kuwa ni vigumu kupata mji mwingine katika bara uliojengwa na wageni kama huu. Burton na Speke walipofika mwezi wa Februari 1858, walikuta soko kando ya maji, na wafanya biashara Waarabu na Waswahili waliotangulia kufika kwa njia ya Unyanyembe. Stanley alipomkuta Livingstone hapo mwaka wa 1871, mji ulikuwa umekwisha kuwa mkubwa. Katika miaka ya 1880 mwenye nguvu kupita wote Ujiji alikuwa Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, naye alikuwa mtu wa pwani ya bahari, si wa pwani ya ziwa. Na ng'ambo ya magharibi walitoka watu wengi zaidi: Wamanyema, Wagoma, Wabwari, Wabembe na wengineo. Wengine walikuja kwa hiari yao, wapagazi na mabaharia na wachuuzi; wengine, wala hatupendi kulificha hilo, waliletwa na minyororo shingoni. Wazao wao wakajifunza Kiswahili, wakasilimu, wakajenga nyumba na kupanda michikichi, wakajiita waungwana. Leo ukipita Kitongoni au Kasingirima huwezi kumtenga mjukuu wa mpagazi na mjukuu wa mwenye msafara kwa kumtazama. Nao hawakuishia Ujiji. Dar es Salaam uko Msikiti wa Manyema, na Bujumbura iko Buyenzi, mtaa wa Waswahili.

Je, watu hao walipataje kuwa wenyeji? Hapakuwa na cheti. Mgeni alikwenda kwa mteko, aliyekuwa msimamizi wa ardhi kwa desturi za Waha, akampa zawadi, naye akamwonyesha mahali pa kulima. Wengine walichanjiana udugu, na ndugu wa kuchanjia hakuweza kuuzwa wala kufukuzwa. Wengi walioa. Na aliyekwisha kumzika baba yake katika ardhi ya Ujiji hakuulizwa tena na mtu kwamba atarudi lini kwao. Desturi hizo zilikuwa njema, walakini zilikuwa na upungufu mmoja: zilikaa katika vichwa vya watu, na watu hufa. Mteko akifa na mashahidi wakifa, hubaki mjukuu na neno lake tu.

Wakati huo ziwa lilikuwa njia. Mipaka ilikuja baadaye. Wadachi waliweka boma Ujiji mwaka wa 1896, wakaleta reli mpaka Kigoma mwaka wa 1914; Wabelgiji wakawatoa mwaka wa 1916, na katika mapatano ya 1919 wakabaki na Ruanda na Urundi, na Kigoma ikawa upande wa Waingereza, waliokabidhiwa mwaka wa 1921. Mtu mwenye shamba upande huu na shemeji upande ule alilala mmoja akaamka wawili. Chini ya Waingereza watu wa Tanganyika hawakuitwa raia wa Uingereza. Waliitwa watu walio chini ya ulinzi wake. Wakati ule hapana aliyejali sana tofauti hiyo, nasi hatuwezi kuwalaumu.

Tofauti ilikuja kujulikana tarehe 9 Desemba 1961, siku Tanganyika ilipopata uhuru. Hapo ndipo ilipokatwa sheria iliyo mizizi ya maswali mengi ya leo, kwa hiyo twaomba msikilize kwa makini. Sheria ilisema kwamba mtu aliyezaliwa Tanganyika, aliyekuwa chini ya ulinzi wa Uingereza au raia wa Uingereza na makoloni yake mpaka tarehe 8 Desemba, huwa raia wa Tanganyika mara moja, ikiwa mmoja wa wazazi wake naye alizaliwa Tanganyika. Ikiwa yeye alizaliwa hapa lakini hapana hata mzazi mmoja aliyezaliwa hapa, hakuwa raia kwa siku ile. Alikuwa na haki ya kuomba aandikishwe.

Tutoe mfano wa nyumba moja, si nyumba ya mtu fulani, bali nyumba iwezayo kupatikana Ujiji mahali popote. Baba alitoka Kasongo, mama alitoka ng'ambo karibu na mto Lukuga, wakakutana Ujiji. Wakazaa mtoto mwanamume mwaka wa 1920 na mtoto mwanamke mwaka wa 1923, wote wawili Ujiji. Binti akaolewa, akazaa mtoto hapo hapo mwaka wa 1945. Ilipofika saa ya uhuru, mtoto yule wa 1945 akawa raia bila kufanya neno lo lote, kwa sababu mama yake alizaliwa Tanganyika. Lakini mama mwenyewe, na ndugu yake, hawakuwa raia mpaka waandikishwe, kwa kuwa wazazi wao walizaliwa ng'ambo. Mpwa raia, mjomba si raia, nao wanakula sinia moja! Mjomba yule, ambaye amevua migebuka katika maji ya Ujiji tangu utoto wake, angeambiwaje kwamba yampasa kwenda bomani kuomba awe mtu wa Ujiji? Wako walioandikishwa, wengi wao watu wa mijini waliokuwa na mtu wa kuwasomea gazeti. Wengine hawakupata habari, au walipata wakaona ni mzaha. Na mara nyingi maulizo ya leo juu ya babu zetu huanzia hapo.

Hatutaki mtu atishike kwa maneno haya. Kwanza, wajukuu wa watu kama wale wengi wana upande mwingine wa kushika, maana bibi au mama alizaliwa hapa. Pili, ipo Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, ambayo ndiyo itumikayo Tanzania nzima, Bara na Zanzibar. Sheria hiyo yataja uraia wa namna tatu: wa kuzaliwa, wa kurithi, na wa tajnisi. Wa kurithi ni wa mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa nje. Wa kuzaliwa una neno la kueleza. Ukiisoma sheria kwa maandishi yake, yaonekana yasema kwamba kila aliyezaliwa katika nchi baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 huhesabiwa kuwa raia, isipokuwa watoto wa mabalozi na wa maadui wa vitani. Lakini katika kutenda, serikali imeshika kwamba mzazi mmoja angalau awe raia. Wanasheria wamebishana juu ya jambo hili, nasi si kazi yetu kuwaamua. Twasema tu kwamba mtu asiende ofisini na cheti cha kuzaliwa peke yake akadhani maneno yamekwisha. Achukue na habari za wazazi wake.

Sasa tuje kwa wale wa tajnisi, na hapa hatuna budi kukaa kidogo juu ya mwaka wa 1972.

Mwishoni mwa mwezi wa Aprili mwaka huo, fitina ilianza kusini mwa Burundi, kando ya ziwa, na baada yake serikali ya huko ikaua watu wengi sana, zaidi ya 100,000 kwa makadirio, hasa Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi, hata wachungaji wa makanisa. Waliookoka walikimbia kwa miguu na kwa mitumbwi. Wengi walishuka katika vijiji vya Kigoma. Serikali ya Tanzania ikawahamisha wengi wao mbali na mpaka, ikawapa makao katika misitu: Ulyankulu katika Tabora, kisha Katumba, na mwaka wa 1978 Mishamo, ambazo mbili hizi zimo sasa katika Mkoa wa Katavi. Walipewa mashamba na majembe na chakula cha mwanzo. Msitu wa mbung'o ukawa mahindi, maharagwe na tumbaku, na baada ya miaka michache hawakuhitaji tena chakula cha msaada. Wao ndio waliouza chakula kwa wengine. Ila hawakuwa na ruhusa ya kutoka katika makao yale bila kibali. Mtu alizaliwa Katumba, akasoma Katumba kwa Kiswahili, akaoa, akapata mvi, naye akitaka kwenda Tabora kumwona mgonjwa aliomba karatasi.

Mambo yakawa hivyo kwa miaka thelathini na mitano. Mwaka wa 2007 serikali za Tanzania na Burundi, pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, zilikubaliana kuwauliza watu wale wenyewe: mwataka kurudi, au mwataka kubaki na kuwa raia? Waliulizwa wapata 218,000. Katika kila watu watano, wanne walijibu wabaki. Yamkini kuna mtu atakayesema jibu lile lilikuwa jepesi. Halikuwa jepesi. Katika nyumba moja mzee alitaka kurudi afie alikozaliwa, na watoto wake, wasioijua Burundi ila kwa hadithi zake, walitaka kubaki. Tena aliyechagua kubaki ilimpasa aukane uraia wa Burundi, pamoja na tamaa ya lile shamba la babu lililochukuliwa na watu wengine mwaka wa 1972.

Maombi yalipokelewa na kupelelezwa, na mwezi wa Aprili 2010 ikatangazwa kwamba watu 162,156 wamekubaliwa. Hapana nchi iliyowahi kuwapa uraia wakimbizi wengi hivyo kwa mara moja. Lakini kutangazwa ni jambo moja na kushika cheti ni jambo jingine. Serikali ilikuwa imekusudia raia hao wapya wahame makao yao, watawanywe katika mikoa mingine, wachanganyike na wenzao, ndipo wapewe vyeti. Mpango ule ulikwama, kwa sababu ya gharama, na kwa sababu mikoa ya kuwapokea nayo ilikuwa na maswali yake. Na watu wenyewe walikuwa na makaburi na migomba mahali walipo. Hivyo walikaa miaka minne wamekwisha kuukana uraia wa kwanza, na wa pili wameuona kwa jina tu. Shule zilikuwa hazijengwi, maana makao yalisemekana yatavunjwa. Wengine hawakupanda miti ya matunda, kwa kuwa nani apandaye mwembe mahali atakapoondoka? Mwisho serikali iliamua wabaki, na mwezi wa Oktoba 2014 vyeti vikaanza kutolewa. Mwaka uliofuata, katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 2015, walipiga kura mara ya kwanza.

Hii haikuwa mara ya kwanza kwa nchi yetu. Mwaka wa 1980, Mwalimu Nyerere akiwa Rais, Wanyaruanda wapata 36,000 waliokimbia fujo za miaka iliyozunguka uhuru wa kwao walipewa uraia. Naye mwaka wa 1983 akapata nishani ya Nansen, ambayo hupewa watu waliowafaa wakimbizi. Na katika Tanga, huko Chogo wilaya ya Handeni, walipewa uraia watu waliotoka Somalia katika vita vya miaka ya 1990, ambao walikuwa Wazigua! Babu zao walichukuliwa utumwani hata Somalia katika karne ya 19, wakakaa huko zaidi ya miaka 100, wasiache Kizigua. Waliporudi walihitaji karatasi ili wawe watu wa mahali lugha yao ilipozaliwa.

Twawarudia watu wa kando ya ziwa. Katika wale wa 1972 si wote waliopelekwa misituni. Wengine walibaki katika vijiji vya Kigoma, Ilagala na kwingineko, wakipokewa na Waha, ambao lugha yao na Kirundi zakaribiana hata watu husikilizana bila mkalimani. Walilima mihogo, wakakamua mawese, wakavua. Walipohesabiwa walikuwa kama 22,000. Hao hawakuwamo katika wale 162,156, kwa maana mpango ule ulikuwa wa makao matatu, na hesabu yao iliwekwa mbali. Hata vyeti vilipoanza kutolewa mwaka wa 2014, wao walikuwa bado wakingoja. Kwa hiyo ikiwa wewe ni mmoja wao, au baba yako ni mmoja wao, usidhani kwamba kwa kuwa wa Mishamo walipata basi nawe umepata. Uliza jina lako limeandikwa wapi, na kama liliandikwa. Jirani aliyekupokea hawezi kukupa uraia, ijapokuwa alikupa shamba.

Tufahamu pia kwamba mgeni wa kawaida, asiye mkimbizi wa mpango maalum, yuko chini ya masharti ya sheria ya 1995, nayo ni haya. Awe ametimiza miaka 18, na akili zake timamu. Awe amekaa Tanzania miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba. Tena katika ile miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, awe amekaa jumla ya miaka 7 isipungue. Ajue Kiswahili au Kiingereza vya kutosha. Sharti hili halijawatisha watu wa Ujiji hata kidogo. Awe mwenye sifa njema. Aonekane kwamba ameifaa nchi, au ataifaa, kwa kazi yake au elimu yake. Na awe na nia ya kukaa hapa maisha yake.

Miaka hiyo 7 ndiyo huwakwaza wengi. Mtu husema: Nimekaa miaka 20. Kweli, lakini alikaa kwa kibali gani? Mfanya biashara avukaye kila mwezi kati ya Kibirizi na Uvira au Kalemie, akilala huku siku 10 na huko siku 20, asishangae akiambiwa kwamba makao yake hayahesabiki. Na aliyekaa kwa haki ahifadhi vibali vyake vyote, hata vile vilivyokwisha muda, kwa sababu karatasi kuukuu ndiyo shahidi wa miaka iliyopita.

Ombi huanzia ofisi ya Uhamiaji, kwa fomu yake. Lakini halipandi moja kwa moja. Hurudi kwanza chini, katika kata na kijiji cha mwombaji, ambapo wenyeji huulizwa: mwamjua huyu? anaishi vipi na watu? Kisha kamati za wilaya na mkoa hulitazama, ndipo liende makao makuu na kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye peke yake ana mamlaka ya kukubali. Zaidi ya hayo mwombaji hutangaza nia yake katika gazeti, ili mtu ajuaye sababu ya kumzuia aandike. Wako waombaji wanaoona haya kutangazwa gazetini kana kwamba wamepotea au wanadaiwa. Sisi twaona ni desturi ile ile ya zamani katika vazi jipya. Mteko naye hakumpa mtu ardhi bila kuuliza mbele ya watu kama yuko mwenye neno.

Ombi laweza kukataliwa, na sheria haimlazimu Waziri kueleza sababu, wala haikuweka rufani mahakamani. Hapo twakiri kwamba ni kugumu. Mtu akose, asijue amekosea wapi? Lakini ndivyo ilivyoandikwa, na ni heri kulijua jambo hilo kabla ya kuanza kuliko baada ya kuuza mbuzi wa ada.

Juu ya ndoa, watu wana makosa mengi. Mwanamke mgeni aliyeolewa na raia wa Tanzania ana njia yake katika sheria, iliyo nyepesi kuliko ya wengine. Lakini hawi raia kwa harusi tu, lazima aombe. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo. Atapita ile ndefu ya miaka na masharti yote. Akina mama wengi wamelalamika kwamba si haki mume awe na uwezo wa kumwingiza mke, na mke asiwe na uwezo wa kumwingiza mume. Nasi twaona malalamiko yao yana uzito. Watoto je? Watoto walio chini ya miaka 18 huweza kuombewa na mzazi aliyekwisha kuwa raia. Aliyetimiza 18 hujiombea. Basi mzazi asichelewe: kijana wa miaka 17 leo, mwakani hataweza tena kuingia kwa mlango wa baba yake.

Na tena, sheria yetu haikubali mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Aupataye wa Tanzania sharti aukane ule wa kwanza. Mtoto aweza kuwa nao wote wawili mpaka atimize miaka 18, kisha achague. Watu wa ziwani huona jambo hili zito, kwa kuwa jamaa zao wako pande zote nne za maji, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Lakini kuukana uraia si kuukana ukoo. Hapana sheria ikatazayo kwenda kuzika Uvira au kuposa Rumonge. Utakwenda na pasi ya Tanzania, na utaingia kama mgeni.

Inatupasa tuseme pia kwamba raia wa tajnisi hayuko sawa kabisa na aliyezaliwa raia. Wa kuzaliwa hawezi kunyang'anywa uraia wake na Waziri. Huupoteza akichukua wa nchi nyingine. Wa tajnisi aweza kunyang'anywa, kwa mfano ikijulikana kwamba alidanganya katika ombi lake, au ameisaliti nchi. Ndiyo sababu twaonya sana juu ya uwongo. Katika vijiji vya mpakani wako watu wanaomshauri mgeni hivi: Usijisumbue na masharti, tutakupatia cheti cha kuzaliwa cha kijiji, jiite jina la Kiha, lipa kiasi fulani. Naye hulipa. Hukaa salama miaka kumi, akajenga, akasomesha. Kisha siku moja mtu waliyegombana naye kwa mpaka wa shamba huandika barua. Hapo si yeye tu aanguaye, bali na watoto wake, ambao vyeti vyao vyote vimesimama juu ya kile cha uwongo. Yule mwenye kumshauri hatamwona.

Na kwa ninyi mlio raia tangu kuzaliwa, ambao mwaulizwa kwa sababu ya jina lenu au sura yenu au mahali mlipo, twawashauri msigombane na anayeuliza, wala msikimbie. Kukimbia kumewafanya raia wengi waonekane wageni. Keti na wazee wako wangali hai. Andika: babu alizaliwa wapi, bibi alizaliwa wapi, nani alikuwa mkubwa wa kijiji, shamba lilipatikana mwaka gani, baba alibatizwa wapi au alisoma chuo cha nani, alilipa kodi kwa nani. Stakabadhi ya kodi ya kichwa ya wakati wa Waingereza, kitabu cha ubatizo cha misheni, daftari la shule, vyote hivyo ni mashahidi. Wanafunzi wanaoyasoma maneno haya waweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko baba zao, kwa sababu wao wana kalamu, na mabibi hawakatai kuulizwa na wajukuu.

Limebaki jambo moja, siku ya mwisho yenyewe. Mwombaji akisha kukubaliwa, huitwa ale kiapo. Huapa kwamba atakuwa mwaminifu kwa Jamhuri ya Muungano na ataishika sheria yake. Mwislamu huapa kwa Kurani, Mkristo kwa Biblia, na asiyetaka kuapa huthibitisha kwa maneno. Kisha hupewa cheti chenye jina lake. Watu wengine hulia hapo, wengine hucheka. Wazee wa makao ya 1972 wako waliokigeuza cheti huku na huku kwa muda mrefu, kama mtu atazamaye noti asiyoijua. Cheti hicho kisikunjwe mfukoni wala kisiwekwe chini ya godoro, kwa maana hali ya hewa ya ziwa ina unyevu, na mchwa wa Ujiji hawachagui karatasi. Tafuta debe la bati lenye kifuniko, ukitie humo pamoja na vyeti vya watoto, na nakala moja uiweke kwa jamaa anayekaa nyumba nyingine. Kisha mwambie mkeo, au mumeo, debe liko wapi.